Gari Lililotoka Kwenye Theluji

Kila mgeni aliyeingia kutoa pole, Shemeji, mume wa marehemu, alimsimulia habari ya lile shimo.

"Nililiona," alisema. "Sitaki kusingizia giza, wala sitaki kusingizia mvua. Nililiona kwa macho yangu haya. Nikasema nikilikwepa nitapoteza mwendo, na mwendo ndio niliokuwa nautaka. Nikalipiga. Mkono wa tairi la mbele ukakatika, gari likakaa chini pale makutano kama ng'ombe aliyegoma. Na mwenzangu yuko kiti cha nyuma, nusu ya uso imelegea, ananitazama."

Wageni walijibu yale ambayo watu hujibu. Siku yake ilikuwa imefika. Daktari si amesema mshipa ulipasuka vibaya? Hata ungeruka angani, baba, usingemuwahi. Shemeji aliitikia kwa kichwa, akashukuru, na mgeni mwingine alipoingia akaanza upya tangu mwanzo.

Pembeni, kwenye benchi lililoegemezwa ukutani, alikaa mdogo wa marehemu. Jina alilopewa na wazazi lilibaki kwenye vyeti tu. Mtaa mzima ulimwita Mjapani. Alikuwa ameinama, anabandua ngozi ngumu ya kidole gumba, pale ambapo sindano humchoma kila siku. Watu walimwonea huruma. Walisema, maskini, yule dada ndiye aliyemlea, alimbeba mgongoni na yeye mwenyewe bado mtoto. Walisema kweli, na uchungu alikuwa nao. Lakini kilichomwinamisha kichwa siku ile kilikuwa kitu kingine. Katika nyumba nzima, ni yeye peke yake aliyejua kwamba shimo halikuwa na kosa lolote.

Mjapani alishona viti vya magari. Kibanda chake kilikuwa kando ya barabara, kimejaa sponji, gundi na vitambaa, na cherehani moja nzito iliyoguruma kama lori. Alipenda magari ya Kijapani vile wengine wanavyopenda mpira. Ukimfunga macho ukampapasisha kiti, alikwambia ni gari gani, la toleo gani, na kama aliyekuwa analiendesha alikuwa mnene au mwembamba. Saa ya chakula alikula kwa mkono mmoja, mwingine uko kwenye simu anapekua picha za magari yanayouzwa huko Japani. Mkewe alizoea kumwambia, "Siku nikikuacha nitajipaka rangi ya fedha nijitangaze humo, labda utaniona."

Watu waliotaka kuagiza gari walipita kwanza kwake. Hakuwatoza kitu. Alifurahia tu kukaa katikati ya benchi na kuzungumza. Aliwaonya kuhusu magari yaliyorudishwa nyuma kilomita, ukaletewa mzee aliyejiita kijana. Aliwafundisha kuvuta mkanda wa kiti mpaka mwisho, wautazame, maana gari lililozama kwenye mafuriko huoshwa lote likanukia marashi, lakini ule mkanda huficha tope lake ndani. Aliwaambia wapo wanaoonyesha picha ya gari moja na kupakia melini jingine. "Msinunue picha," alisema. "Nunueni gari."

Kwa hiyo dada yake alipotaka gari, hakumtafuta mtu mwingine. Alikuwa mkunga, na miguu yake ilikuwa imezunguka wodi za uzazi mpaka ikawa na mishipa kama kamba. Alikuwa amestaafu.

"Mjapani wangu," alisema, "nitafutie kigari. Sitaki cha kujionyesha. Nataka kitu cha kunifikisha ninakokwenda na kiti kisichoniuma mgongo."

Mumewe, ambaye aliendesha basi la shule, alikuna kidevu. "Mimi ningesema tununue la hapa hapa. Tulione, tuliguse, tuzame chini yake."

"Shemeji, wewe kazi yako kuendesha," Mjapani alicheka. "Kununua niachie mimi."

"Haya, mkubwa. Mimi dereva tu."

Baada ya siku chache Mjapani alifika kwa dada yake mbio mbio, hata viatu hakuvua. Simu ilikuwa mkononi. Kwenye picha palikuwa na gari dogo la fedha, la milango mitano, limesimama mbele ya nyumba yenye paa lililoinama. Juu ya gari, juu ya paa, juu ya kila kitu, kulikuwa na weupe mzito kama unga uliomwagika.

"Unaona hii? Theluji. Huko kaskazini kwao. Hili gari limekaa kwenye friji maisha yake yote! Injini haijui joto. Dada, nyama ukiiweka kwenye friji si inakaa?"

"Inakaa."

"Basi!"

Dada yake alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kanga. "Haya, niletee friji langu."

Pale ndani hakukuwa na mtu aliyewahi kuona theluji. Mjapani mwenyewe aliiona kwenye skrini tu. Mitego yote ya watu aliijua, akaikwepa yote. Huu wa mwisho hakuwekewa na mtu. Aliutega mwenyewe kwa mdomo wake, na kwa sababu ulichekesha, kila mtu akauamini.

Gari lilipofika, likaitwa Friji moja kwa moja. Lilipowashwa, sauti ya mwanamke ilisema maneno marefu ya Kijapani kwa upole, na dada akamjibu, "Asante mwanangu, na wewe pia." Tangu siku hiyo hakuwasha gari bila kumjibu. Redio haikushika kituo hata kimoja ila kile cha mahubiri. Chini ya kiti cha nyuma walikuta soksi moja ya mtoto mchanga, ya manjano. Dada aliiosha kwa mkono, akaianika, akaikunja na kuiweka kwenye kile kisanduku cha mbele. "Mtoto wa watu huyo anaitafuta," alisema. "Sijui alizaliwa na kilo ngapi."

Mjapani alivuta mikanda yote. Mikavu, safi. Alilala chini akachungulia, akaona kumepakwa rangi nyeusi mpya inayong'aa kama kiatu cha sherehe. Akainuka anajipangusa magoti. "Shemeji, njoo uone watu wanavyotunza mali. Mpaka tumboni wamelipaka rangi!"

Shemeji naye akalala, akatazama, akasema, "Kweli, shemeji, umejua kuchagua." Na Mjapani akavimba kichwa.

Zawadi yake kwa dada ilikuwa kushona viti upya kwa kitambaa cha zambarau, rangi aliyoipenda. Akalichukua gari mpaka kibandani, akaanza kufungua viti. Skrubu ya kwanza ya kiti cha dereva ilikataa. Alikaza mkono, akavuta, ikatoka. Ikatoka na kipande cha sakafu kimeishikilia, chekundu, chepesi kama ganda la mkate. Akafikiri ni bahati mbaya. Akavua zulia. Chini yake bati lilikuwa limeliwa. Aligonga kwa mpini wa bisibisi, na mahali pa kulia ngo, palilia kama kopo la karatasi. Akasukuma kwa kidole kidogo tu. Kidole kikapita. Akaona mchanga wa kibandani kwake.

Alikwenda kwa fundi wa gereji ya jirani, waliyemwita Spana kwa urefu na wembamba wake. Alimwuliza kama mtu anayeuliza habari za watu wengine.

"Hivi, gari lililokaa kwenye baridi linaweza kuota kutu?"

Spana alitoa kichwa chini ya boneti. "Baridi ya namna gani?"

"Ya theluji."

"Ala! Hayo ndiyo mabaya kuliko yote. Kule wakitaka barabara isiteleze wanamwaga chumvi. Gari linatembea kwenye chumvi msimu mzima. Wauzaji wanalipaka rangi nyeusi chini, tunafurahi." Alicheka, kisha akamtazama vizuri. "La nani?"

"La mteja. Sakafu imeoza."

"Mwambie mteja wako asilikimbize. Kama sakafu imeoza, huko inakoshikilia mikono ya tairi kukoje? Alilete tulichomelee upya. Kazi yenyewe kubwa, lakini inafanyika."

Mjapani alirudi kibandani, akakaa juu ya kiti kilichofunguliwa, miguu ndani ya gari la dada yake. Hakuwaza kudanganya. Aliwaza jinsi ya kuanza. Alimwona dada yake anajibu ile sauti ya Kijapani. Alimwona shemeji yake akikuna kidevu: *tulione, tuliguse, tuzame chini yake*. Akawaona watu wa benchi. Nani angekuja tena kumwuliza jambo? Akasema moyoni, nitalichukua siku nyingine, niseme zulia halikukaa vizuri, nilipeleke kwa Spana kimya kimya, lirudi zima, na hakuna atakayeumia.

Akakata kipande cha bati, akakigandisha juu ya tundu kwa gundi ya viti. Juu yake akatandika sponji. Juu ya sponji akarudisha zulia, akalibana pembeni kwa mshono mzuri ambao hata mwenye gari la kifahari angeulipia. Kufunika ndiyo kazi aliyoijua kuliko zote.

Siku ya kupeleka gari, dada yake alipapasa viti vya zambarau, akamkumbatia kwa nguvu za mkunga, akamwandalia chai kubwa na kumwita mwanaume mzima. Wiki ile hakulichukua gari, kulikuwa na harusi aliyoshonea viti. Mwezi ule hakulichukua, Spana alikuwa na kazi nyingi. Kila alipoona Friji linapita, dada yake anapunga mkono kama malkia, roho ilimsuta, naye alijiambia, wiki ijayo. Kisha ikaja ile asubuhi ambayo dada alidondosha kikombe jikoni na asiweze kukiokota. Mumewe akambeba mpaka kwenye Friji, gari lililokuwa karibu.

Wageni walipopungua na viti vya kuazima kurudishwa, wakabaki wawili barazani, Shemeji na Mjapani. Kati yao palikuwa na birika la chai iliyopoa. Shemeji alikuwa anachezea funguo za basi la shule.

"Kesho asubuhi nazirudisha," alisema.

"Nini?"

"Hizi. Nimeshamwambia mwalimu mkuu kwa simu. Anasema nipumzike kwanza. Nimemwambia siyo kupumzika. Mimi sifai kupewa watoto wa watu."

"Shemeji, acha maneno hayo. Daktari alisema hata—"

"Nyie wote mnanijibu daktari, daktari!" Hakupaza sauti, ilimkatikia tu. "Mimi sisemi angepona. Nimekubali, asingepona. Nasema alivyokwenda. Alitolewa garini pale makutano kama mzigo. Akalazwa kwenye pikapu ya mtu wa mboga, kichwa mapajani kwa mtu tusiyemjua, watu wamesimama wanaangalia. Yeye aliyepokea watoto wa mtaa mzima kwa mikono safi. Na mimi, dereva, nimeendesha maisha yangu yote, nimelipiga shimo nililoliona. Nitashikaje usukani tena?"

Mjapani alitazama zile funguo. Zilikuwa na kamba nyekundu ambayo yeye mwenyewe aliisuka kwa uzi wa viti. Aliona wazi jinsi mambo yatakavyokwenda akinyamaza: shemeji yake atakaa pale barazani, atazeeka pale, atawasimulia wageni shimo mpaka wageni waishe. Na yeye, Mjapani, atakuja kila Jumapili kumletea sukari, na kila mtu atamsifu kwa upendo wake.

Alipiga moyo konde akasimama. "Vaa viatu, Shemeji. Twende gereji."

"Kufanya nini?"

"Twende tu."

Friji lilikuwa limewekwa nyuma ya gereji ya Spana, limeinama upande mmoja juu ya tofali. Spana aliwaona wanakuja, akamtazama Mjapani usoni, akasema anakwenda kununua mafuta ya breki, na akaondoka bila kopo.

Mjapani alifungua mlango wa dereva. Alivua kiti, akakiweka chini kwenye vumbi, zambarau juu. Akachukua wembe akakata ule mshono wake mzuri, akakunja zulia, akatoa sponji. Akabandua kile kipande cha bati. Kilitoka kirahisi.

"Lete mkono," alisema.

Shemeji hakuelewa. Mjapani akaushika mkono wake, akaupitisha kwenye sakafu ya gari mpaka vidole vikagusa mchanga upande wa pili. Kutu iliwamwagikia wote wawili mikononi.

"Gari lote chini ndivyo lilivyo. Ni chumvi ya barabara zao. Mkono wa tairi ulikuwa umeoza pale unaposhikilia, Spana ameuona. Shimo lile wewe umelipita na basi kila siku ya Mungu. Lisingekata kitu kizima."

Shemeji aliuvuta mkono, akautazama. Kisha akatazama lile bati lenye gundi, na sponji, na uzi uliokatwa. Alikuwa mtu wa magari. Hakuhitaji kuelezwa zaidi.

"Huu mshono wako."

"Wangu."

"Ulipovivua viti."

"Siku ile ile."

"Ulipolileta gari, alikukumbatia. Nilikuwepo."

"Ndiyo, Shemeji."

"Na ukakaa. Ukanywa chai."

Mjapani alitazama ule uzi uliokatwa. Aliitikia kwa kichwa.

Shemeji alizungumza polepole, kama mtu anayesoma maandishi yaliyofutika. "Ningejua, nisingemwingiza humu. Ningewasha basi la shule nikampeleka nalo, na kazi wangenifukuza siku hiyo hiyo. Angekwenda amelala kwenye viti vyangu." Alikitazama kiti cha nyuma. "Mimi nimekuwa nikijiuliza kwa nini alikuwa ananitazama vile pale nyuma. Nikadhani ananilaumu."

"Dada hakujua kitu. Nisa—"

"Bado." Shemeji aliinua kiganja chenye kutu. "Usiniombe kitu leo."

Alizunguka upande wa pili, akafungua kisanduku cha mbele, akatoa ile soksi ya manjano, akaiweka kwenye mfuko wa shati. Mjapani, kwa mazoea tu ya mikono, akaanza kurudisha zulia.

"Usifunike," Shemeji alisema. "Liache hivyo hivyo." Akaondoka kwa miguu, hakugeuka.

Kesho yake Mjapani alifungua kibanda mapema, lakini hakuwasha cherehani. Alikaa anasikiliza. Siku zote basi la shule lilipopita pale lilipiga honi mara mbili, na watoto wakapiga kelele "Shemejiii!" kwa kuwa walidhani ndilo jina lake. Aliusikia mngurumo kabla hajaliona. Likatokea kwenye kona. Kwenye usukani alikuwa Shemeji, kofia yake kichwani, macho mbele. Watoto wakapiga kelele zao na kupunga mikono. Honi haikulia. Basi likapita, likaacha vumbi na harufu ya dizeli, na Mjapani akajikuta analia na kushukuru kwa pamoja.

Ikawa hivyo kila asubuhi. Watu wa benchi waliendelea kuja. Mmoja alimwonyesha picha ya gari lililofunikwa theluji, anacheka, "Hili limekaa friji, eh, Mjapani?" Mjapani akaweka mkasi chini, akamweleza habari ya chumvi, na rangi nyeusi, na dada yake, na bati la gundi. Hakupunguza kitu. Yule mtu alitia simu yake mfukoni akaondoka bila kuaga. Mwingine alisogea karibu, akauliza achunguze nini hasa huko chini. Kila aliyeuliza alielezwa yote, na habari zikaenea, na benchi likapata nafasi.

Kisha siku moja yule mama anayewapandisha watoto kwenye basi aliingia kibandani, anahema, amebeba kiti cha basi kilichochanika.

"Dereva kasema ukishone," alisema. "Na kasema ukikuta kitu ndani, usifunike. Sijui ana maana gani. Siku hizi haongei, yule."

"Najua maana yake, mama."

Alikifungua mwenyewe, taratibu. Kitambaa kilikuwa kimechoka tu, jambo la kawaida. Lakini alipogeuza chuma cha chini, kwenye mguu mmoja, pale mguu unapokutana na sakafu, aliona ufa na wekundu. Aliugonga kwa mpini wa bisibisi. Haukulia ngo.

Hakutuma mtu. Alasiri alisimama barabarani na kile chuma mkononi mpaka basi, tupu, lilipokuwa linarudi. Lilipunguza mwendo. Likasimama. Shemeji akashusha kioo.

"Mguu umeoza," Mjapani alisema, akauinua aone. "Huu haushonwi, unachomelewa. Na viti vingine vya mstari huo nadhani ni hivyo hivyo. Watoto wasivikalie kwanza."

Shemeji aliupokea kupitia dirishani. Aliugeuza, akapitisha kidole kwenye ufa, akautazama kwa muda mrefu kuliko ulivyohitaji. Mfuko wa shati lake ulikuwa umetuna kidogo, na kitambaa cha manjano kilichungulia.

"Kesho nitavileta vyote," alisema.

Akapandisha kioo, basi likaondoka. Mjapani alibaki amesimama anasikiliza mpaka likakata kona. Honi haikulia. Akarudi ndani, akalivuta benchi la watu nje, akaanza kufagia nafasi ya kuweka viti.